Land Cruiser kuukuu kabla ya masika: maji yanaingilia wapi na unayazuiaje

Masika ya Dar es Salaam huanza Machi na kuisha Mei, na Aprili ndio mwezi wa kumwaga. Difu (boksi la gia lililo kwenye ekseli) iliyokunywa maji Aprili hailii Aprili. Hulia Agosti, barabara kavu na jua linawaka, na mwenye gari anamlaumu fundi aliyebadilisha oili juzi. Maji hulila gari la kazi hivyo hivyo: yanaingia kimya, yanakaa chini ya oili, yanatafuna beringi taratibu.

Maelezo haya yanalenga Land Cruiser za 70, hasa HZJ75, 78 na 79 zenye injini ya 1HZ, zile ambazo mtaani zinaitwa Mkonga. Mwenye Defender au Patrol atayatumia kwa sehemu kubwa, abadilishe tu ukubwa wa spana na vipimo vya oili.

Kazi ifanyike Februari. Mvua ikishaanza, kila mtu yuko Gerezani, kwenye maduka ya vipuri, anatafuta sili (raba za kuzuia oili isivuje) na raba za waipa, na fundi mwenye mkono mzuri ana magari sita mbele ya lako. Isitoshe, silikoni, rangi na gundi havishiki kwenye chuma chenye unyevu. Kama mfuko hautoshi kufanya yote, anza na vipumulio vya difu, kisha sili za mbele, waya wa ethi (wa negativu), breki, halafu mkonga, yaani bomba la kuvutia hewa ya injini lililopandishwa juu. Taa za kwenye keria na tairi za meno makubwa zinapendeza, lakini hazijawahi kuzuia tone la maji kuingia popote.

Vipumulio vya difu

Juu ya kila ekseli kuna kidude cha chuma chenye kofia, kidogo kuliko kizibo cha soda. Hapo ndipo difu inapumua. Ikipata moto, hewa ya ndani inatanuka na kutoka. Ikipoa, hewa inarudi. Sasa fikiria umeshuka barabara ya Morogoro kwa mwendo kutoka Chalinze, difu imepata moto, ukafika mjini ukaingiza ekseli kwenye maji yaliyotuama. Difu inapoa ghafla, hewa inasinyaa, na ekseli nzima inavuta kama bomba la sindano. Kofia ikiwa imeganda kwa tope, mvuto unahamia kwenye midomo ya sili. Sili imetengenezwa kuzuia oili isitoke. Maji yanayovutwa kuingia ndani ni kazi nyingine kabisa. Na kofia ikiwa nzima lakini imezama, inavuta maji yenyewe.

Dawa ni kupandisha pumzi juu. Fungua kidude hicho, kipeleke Gerezani, utafute nipeli ya kuunganishia mpira yenye uzi uleule. Usikisie uzi kwa macho. Ijaribu kwa mkono pale dukani. Nunua mpira wa mafuta wa milimita 8 ndani, siyo mpira wa kuoshea bustani, kwa sababu huo ukikaa karibu na eksozi unalainika na kujibana. Kwa ekseli ya mbele mita 2 zinatosha, ya nyuma ni kama mita 4. Kabla ya kukata, inua gari kwa chesisi hadi gurudumu lining'inie, ndipo upime. Wengi hupima gari likiwa limesimama, na shimo la kwanza linaung'oa mpira. Ufungie mpira pembeni ya mabomba ya breki kwa klipu za plastiki, uupitishe mbali na eksozi, na uumalizie juu kabisa ndani ya boneti, usawa wa sanduku la filta ya hewa. Mwisho wake uvishe filta ndogo ya petroli, ile ya plastiki inayoonekana ndani, ikiangalia chini. Inazuia vumbi na nyigu, na nyigu wa Dar wanapenda sana matundu ya ukubwa huo.

Gia boksi na transfa (boksi linalogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma) nazo zina vipumulio. Vingi vimepandishwa na kiwanda, lakini mpira wake ukiwa na miaka 25 utakuta umepasuka pale unapokunjika. Upinde kwa vidole. Ukitoa nyufa, badilisha.

Tufe la nyuma ya gurudumu la mbele

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea, na ndipo mafundi wa haraka wanapopenda kuruka. Nyuma ya kila gurudumu la mbele kuna tufe la chuma linalong'aa, na juu yake linazunguka kombe linalobeba gurudumu. Ndani ya tufe kuna jointi inayopeleka nguvu gurudumuni usukani ukiwa umekatwa. Jointi inaishi kwenye girisi, difu inaishi kwenye oili, na kinachotenganisha viwili hivyo ni sili moja ya ndani ya bomba la ekseli. Kinachozuia tope lisiingie kutoka nje ni seti ya ukindu (ringi laini ya felti), raba na ringi ya chuma iliyobanwa nyuma ya kombe.

Kagua kwanza. Futa tufe kwa kitambaa, endesha siku mbili, angalia. Utando mwembamba wa girisi nyeusi ni afya. Kikitiririka kitu chembamba cheusi, sili ya ndani imekufa na oili ya difu inaosha girisi. Rangi ikiwa ya kijivu au kama chai ya maziwa, maji yameshaingia. Tufe likiwa kavu na lenye kutu, basi kutu hiyo inafanya kazi ya msasa kwenye raba kila unapokata kona.

Halafu inua gurudumu, lishike juu na chini, litikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki na utikise tena. Mchezo ukiisha, tatizo ni beringi za gurudumu. Ukibaki, ni beringi za kingpini, zile mbili ndogo za juu na chini ya kombe. Jaribio hili la dakika moja linakuepusha kununua beringi zisizohusika.

Kwa pande zote mbili utahitaji: seti mbili za matengenezo ya kombe (sili, ukindu, raba, gasketi), beringi nne za kingpini kama zinacheza, sili mbili za habu (kitovu cha gurudumu), kilo moja na nusu ya girisi ya moli (yenye molibdenamu) kwa jointi, nusu kilo ya girisi ya lithiamu namba 2 kwa beringi za gurudumu, soketi ya milimita 54, nyundo ya shaba na lita 3 za dizeli ya kuoshea. Siku moja kwa kila upande kwa anayefanya mara ya kwanza. Unapokwenda dukani beba sili ya zamani: usoni mwake kuna namba za kipenyo cha ndani, cha nje na unene. Muuzaji akikuambia "hii inaingia tu", zisome namba mwenyewe.

1. Weka kabari magurudumu ya nyuma, inua ekseli ya mbele, weka stendi. Jeki peke yake haitoshi, hasa kwenye uwanja wa mchanga. Tandika ubao chini ya stendi. Toa kalipa ya breki na uining'inize kwa waya. Ikining'inia kwa mpira wake, mpira huo utapasukia ndani bila kuonekana.

2. Fungua kifuniko cha habloki (kitasa kinachounganisha habu na shafti), toa saklipu ya mwisho wa shafti, kisha nati sita zenye washa za koni. Washa hizi hazitoki kwa kuvutwa. Gonga kwa nyundo ya shaba pembeni ya kila bolti na zitaruka zenyewe. Ukitumia nyundo ya chuma utapondaponda uzi.

3. Nyoosha washa ya kufungia, toa nati mbili kubwa kwa soketi ya 54. Hii siyo kazi ya patasi na nyundo, ingawa utaona nati nyingi mjini zenye makovu ya patasi. Vuta habu, ukinge mkono chini kwa sababu beringi ya nje hudondoka.

4. Toa stabu ekseli (mhimili mfupi uliobeba habu), kisha vuta shafti pamoja na jointi. Kabla ya kufungua kombe lenyewe, piga picha mpangilio wa ukindu, raba na ringi. Shimu (vipande vyembamba vya kurekebisha nafasi) za juu na za chini ziwekwe kwenye mifuko miwili iliyoandikwa. Zikichanganyika, kombe litakaa pembeni na sili mpya itavuja mwezi huohuo.

5. Osha kila kitu kwa dizeli, kausha kwa hewa au kitambaa kisichotoa nyuzi. Geuza jointi pande zote. Ikikwama au ikiwa na mikwaruzo unayoweza kuisikia kwa ukucha, tafuta nyingine. Tufe lenye kutu lipige msasa namba 400, malizia na 800. Vishimo vya kutu vilivyozama vijaze kwa gundi ya chuma ya kuchanganya, iache usiku kucha, kisha msasa tena hadi ukucha usikwame.

6. Piga sili mpya ya ndani, upande wenye springi ukiangalia difu. Unaporudisha shafti, ishike kwa mikono miwili ipite katikati. Kosa linaloua sili nyingi mpya ni hili hili: shafti inalala juu ya mdomo wa sili, meno yake yanaukata, na gari linavuja kabla halijatoka gereji.

7. Shindilia moli kwenye jointi hadi itokee upande wa pili, kisha jaza tufe robo tatu. Usijaze lote, girisi inatanuka. Usichanganye moli na girisi nyingine ya rangi usiyoijua.

8. Beringi za gurudumu: kaza nati ya ndani kwa Nm 60 hivi (kipimo cha spana ya kupimia ukazaji) huku ukizungusha habu, izungushe pande zote mbili mara kadhaa, legeza hadi iwe ya mkono, kisha kaza tena kidogo sana, Nm 5 au 6. Habu izunguke kwa uzito mdogo bila mchezo. Weka washa, nati ya pili, kunja masikio ya washa. Rudia kupima baada ya kilomita 500.

Bolti zinazofunga mkono wa usukani juu ya kombe zikaguliwe kila unapoingia hapo. Zikilegea, hukatika moja baada ya nyingine, na ya mwisho ikikatika huna usukani. Ukikuta moja imekatika, badilisha zote za upande huo.

Nyuma kazi ni nyepesi. Angalia ndani ya dramu: unyevu wa oili kwenye breki shu maana yake sili ya ekseli ya nyuma imechoka. Kubadilisha shu bila sili ni kununua shu mara mbili.

Oili ya difu ni SAE 90 ya daraja la GL-5. Galoni moja ya lita 10 inatosha mbele na nyuma na inabaki. Fungua kila mara bolti ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Bolti ya kujazia ikigoma na wewe umeshamwaga, gari halitoki hapo. Jaza hadi oili ianze kutoka kwenye tundu la kujazia gari likiwa sehemu tambarare. Kwa gia boksi ya mkono chagua 75W-90 ya GL-4; kemikali kali za baadhi ya GL-5 haziipendi shaba ya ringi za gia.

Mkonga wenyewe

Mikonga mingi mjini ni pambo. Plastiki ya juu ni nzima, lakini pale inapoingia kwenye bodi imefungwa kwa silikoni ya madirisha, na ndani kuna kiwiko cha raba chenye nyufa. Maji yakifika usawa wa fenda yanaingia palepale.

Ondoa kiwiko, kikunje kwa nje kwenye kila mkunjo. Nyufa za juu juu zinavumilika kwa vumbi, siyo kwa maji. Kila kiungo kiwe na klempu ya skrubu, siyo waya wa kufungia uzio. Chini ya sanduku la filta kuna mdomo mdogo wa raba wa kutolea vumbi. Mara nyingi umepotea au umekauka wazi. Huo pekee unatosha kuzamisha injini yenye mkonga wa bei kubwa.

Jaribio ni hili: injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), funika mdomo wa mkonga kwa kipande cha ubao laini au kitabu chenye jalada gumu. Injini lazima izimike ndani ya sekunde chache. Ikiendelea kunguruma inapata hewa kwingine, na kwingine huko ndiko maji yatapita. Sikiliza mlio wa kufyonza ufuate. Ukiona raba inabonyea, ondoa ubao, nayo imechoka.

Kwa nini hofu yote hii? Maji hayabanwi. Pistoni ikipanda na kukuta kikombe cha maji juu yake, konrodi (mkono wa pistoni) inapinda. Injini ikizima ndani ya maji, usipige stata hata mara moja. Livute gari nje, toa hita plagi zote sita kwa utaratibu kwa sababu zilizokaa miaka hukatika, zungusha krenki kwa spana hadi mizunguko miwili kamili, ndipo upige stata kusukuma maji nje kupitia matundu yale. Badilisha oili na filta kabla ya kuwasha, na tena baada ya kilomita chache.

Dizeli na mkanda wa taiming

Pampu ya 1HZ ni ya kuzunguka, na kinachoilainisha ndani ni dizeli inayopita humo. Maji hayalainishi chochote. Hewa ya Dar ina unyevu mwaka mzima, na tanki linalolala nusu linatoa jasho ndani usiku. Kwa hiyo jaza jioni, siyo asubuhi, na wakati wa masika epuka dizeli ya madumu ya kando ya barabara.

Kila wiki ya mvua, weka chupa safi chini ya filta ya dizeli, legeza koki ya chini, pampu kwa mkono kifundo cha juu hadi itoke dizeli tupu. Acha chupa itulie dakika kumi. Maji yatajitenga chini. Ukiona utando mweusi wenye ute kati ya maji na dizeli, hao ni vijidudu wanaoishi mpakani hapo, na tanki linahitaji kumwagwa na kuoshwa, kwani filta mpya itaziba tena baada ya siku chache. Mpira wa mfuniko wa tanki ni wa bei ndogo. Badilisha.

Mkanda wa taiming wa 1HZ hubadilishwa kila kilomita 100,000. Magari mengi ya umri huu yana odomita iliyosimama au iliyochezewa, hivyo kama huna ushahidi wa maandishi, chukulia haujabadilishwa. Badilisha pamoja na puli yake na sili za kamu na krenki zilizo nyuma yake, kisha andika tarehe na kilomita kwa rangi nyeupe kwenye kava. Wakati kava la valvu liko wazi pima nafasi za valvu injini ikiwa baridi: za kuingiza milimita 0.15 hadi 0.25, za kutolea 0.35 hadi 0.45. Za kutolea kwenye injini iliyochoka huwa zimebana, na mara nyingi ndiyo sababu ya gari kuwaka kwa shida asubuhi, ingawa lawama hutupiwa hita plagi.

Umeme

Gari likianza vituko vya taa kuwaka zenyewe, honi kufifia na geji kucheza mvua ikinyesha, usianze kununua vifaa. Anza na ethi. Fuata waya mnene wa negativu kutoka betri hadi kwenye bodi, na kutoka injini hadi chesisi. Fungua kila mwisho, piga msasa hadi chuma king'ae, funga, kisha paka vaselini juu. Juu, siyo katikati.

Pima kwa mita ya umeme. Betri ya volti 12 iliyopumzika usiku isome karibu 12.6, ikisoma 12.2 imejaa nusu tu. Injini ikiwaka, alteneta itoe kati ya 13.8 na 14.4. Kisha weka waya mmoja wa mita kwenye negativu ya betri na mwingine kwenye chuma cha injini, mwenzako apige stata: ukiona zaidi ya nusu volti, waya wa ethi unaiba umeme. Baadhi ya Land Cruiser hizi zina mfumo wa volti 24, kwa hiyo hakikisha kabla ya kununua balbu wala stata; kwao zidisha namba za betri na alteneta mara mbili.

Viungio vya kusokota na kuzungushia selotepu havifiki Juni. Joto la boneti linayeyusha gundi, maji yanaingia, shaba inakuwa kijani. Unganisha kwa risasi na uvishe mpira wa kusinyaa kwa moto. Fyuzi inayoungua mara kwa mara inakuonyesha waya uliochubuka. Kuweka kipande cha waya mahali pa fyuzi ni kuuchagulia moto mahali pa kuanzia.

Neno kwa wanaopenda mashine za presha za kuoshea magari: usiruhusu maji ya presha yaelekezwe kwenye alteneta, viungio vya nyaya, sili za habu na vipumulio. Kuosha namna hiyo kunaingiza maji mengi kuliko dimbwi lolote la Mkwajuni.

Na gari linalolala chini ya mwarobaini au mwembe lina tatizo lake: majani yanajaa kwenye mfereji ulio chini ya kioo cha mbele, maji yanakosa njia, yanashukia miguuni mwa abiria na kwenye fyuzi. Zoa majani hayo kwa mkono. Chini ya mazulia kuna vizibo vya raba. Vitoe, kausha sakafu, virudishe.

Breki na rejeta, kwa ufupi

Breki fluidi hunyonya unyevu wa hewa, na yenye maji huchemka mteremkoni na kutafuna masta silinda kwa ndani. Badilisha yote kila miaka miwili, DOT 3 au DOT 4 kama mfuniko unavyosema. Lita moja inatosha. Anza gurudumu la mbali zaidi na masta. Dramu za nyuma zifunguliwe, mchanga uoshwe, adjasta zipakwe girisi kidogo, shu zikazwe hadi ziguse kidogo tu.

Rejeta ioshwe kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa maji ya mpira wa kawaida. Ndani usiweke maji ya kisima. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi inakula rejeta ya aluminiamu na pampu ya maji. Changanya kulanti na maji ya betri (maji yaliyosafishwa, siyo tindikali) nusu kwa nusu. Hatuna barafu, lakini kulanti inazuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Themostati isiondolewe. Desturi ya kuitoa "ili gari lisichemshe" inaficha rejeta iliyoziba, na injini inayofanya kazi baridi inakula mafuta na kujichakaza. Weka mpya yenye nyuzi zilezile zilizochapwa kwenye ya zamani.

Kutu na oili chafu

Kazi ya kutu ni ya kipupwe, Juni hadi Agosti, hewa ikiwa kavu kidogo. Februari fanya ukaguzi tu: gonga chesisi kwa bisibisi nzito kwenye vishikio vya springi, nyuma ya magurudumu ya nyuma, na pale bodi inapokalia raba. Sauti ya chuma ni nzuri. Sauti ya kopo, au bisibisi ikizama, ni kazi ya kuchomelea kabla ya masika.

Oili chafu inayopakwa chini ya gari imekuwa kama mila. Inasaidia kidogo kwa wiki chache. Halafu inavimbisha bushi za springi, inalainisha mipira ya breki, inanasa mchanga, na inadondoka kwenye eksozi na kutoa moshi. Mvua inaiosha hadi kwenye mtaro, na mtaro unaishia Msimbazi na baharini. Bora brashi ya waya, dawa ya kugeuza kutu, redioksaidi mikono miwili, rangi, kisha nta ya mashimo ndani ya chesisi. Aliyetoka kucheza mchangani Kigamboni aoshe chini kwa maji yasiyo na chumvi siku ileile. Chumvi haisubiri Jumamosi.

Siku ya maji na asubuhi yake

Kiwango cha maji cha Land Cruiser hizi ni sentimita 70, na hiyo ni ya maji yaliyosimama na gari zima. Maji yanayokwenda ni habari nyingine: yakifika magotini yana nguvu ya kusukuma gari. Bonde la Jangwani likifungwa, zunguka. Mwenye Defender akumbuke kufunga kizibo cha nyumba ya klachi kabla ya kuingia, na kukitoa baada ya hapo ili oili iliyovuja itoke.

Ukilazimika kuvuka, acha difu ipoe dakika chache kama ulikuwa unakimbia. Funga habloki, weka transfa kwenye lo (gia nzito), gia ya kwanza au ya pili, mwendo wa mtu anayetembea haraka, ili wimbi dogo litangulie mbele ya bampa. Usikanyage klachi katikati ya maji. Ukitoka, endesha polepole ukigusa breki kwa mguu wa kushoto hadi zishike sawasawa.

Jioni hiyohiyo piga girisi nipeli zote za propela na za springi hadi girisi ya zamani itoke. Kwenye kiungo kinachoteleza cha propela piga kidogo tu. Ukijaza, kinakosa pa kurudi na kuisukuma beringi ya transfa.

Usiku liache gari mahali tambarare. Maji ni mazito kuliko oili na yatashuka chini kabisa. Asubuhi, kabla ya kulisogeza hata hatua, weka bakuli na ulegeze bolti ya kumwagia ya kila difu mizunguko michache bila kuitoa. Ikitoka oili, kaza uende kazini. Yakitoka maji kwanza, au kitu cheupe kama mtindi, mwaga yote, jaza dizeli lita moja na oili nusu lita, zungusha magurudumu kwa mkono yakiwa juu ya stendi, mwaga tena, jaza oili mpya. Kisha rudi kwenye kipumulio uangalie ni wapi mpira umechomoka.